Nguru na kamba kwa ndege kwenda Muscat: mzigo wa kwanza umefika umelainika, nimekosea wapi?

mtoto_wa_feri

Habari za usiku wakuu. Naomba wenye uzoefu na kargo ya ndege mnifungue macho kabla sijarudia kosa. Mimi ni mtu wa samaki, nimekulia pale Feri, soko la samaki la Dar, kununua najua na kuuza najua, ila kupeleka nje ndo mara yangu ya kwanza. Shemeji yangu yuko Muscat ana mgahawa mdogo wa chakula cha kwetu, wateja wake ni Waomani waliozaliwa Unguja na Pemba pamoja na Wabongo walioko kule, akaniambia shem nitumie nguru na kamba wakubwa huku watu wanawalilia. Tukakubaliana tujaribu kidogo kwanza.

Nikanunua mzigo, nikaugandisha kwenye madipu friza yangu mawili ya nyumbani siku mbili nzima mpaka wakawa mawe. Nikatafuta maboksi sita ya stairofomu, kila boksi samaki kilo 15 na chupa za maji yaliyoganda kama kilo 5 hivi, nikazungushia selotepu mpaka nikaridhika. Makaratasi kuna jamaa ana leseni ya kusafirisha akanitolea kwa jina la kampuni yake. Wakala akanitafutia ndege ya bei nafuu ambayo inapitia nchi nyingine kabla ya kufika, nikasema poa, naokoa hela.

Mzigo ukafika uwanjani Jumanne saa nne asubuhi, ndege ya saa kumi jioni. Hiyo ndege haikuuchukua, wakasema imejaa. Ukaenda na ya kesho yake, kule katikati ukalala tena, ukatua Muscat Alhamisi usiku, shemeji kaja kuukomboa Jumapili. Jumapili jamani! Kufungua, nguru ukibonyeza kidole kinazama, kamba vichwa vyeusi ti, maboksi mawili yanavuja. Hakuthubutu kumpikia mtu. Kilo 90 zote jalalani.

Juu ya hayo nimelipishwa kilo 135 wakati mzani ulisoma 120, nimeuona kwa macho yangu. Hizo 15 za nani? Na naweza kudai chochote au ndo nimeshaliwa? Na hiyo barafu kavu watu wanayoisema inapatikana vipi, ina ruhusa kwenye ndege au ni magumashi?

kaa_la_matumbwe

Ngoja wajuvi waje, mie nimekaa siti ya mbele na kahawa na kashata. Ila pole sana, hizo kilo 90 mtaa mzima tungekula biriani.

mzee_wa_shedi

Pole kijana. Nimefanya shedi ya mizigo uwanja wa ndege miaka 11, kupokea na kupakia, kwa hiyo nitakayosema mengi nimeyashika kwa mikono.

Tuanze na kilo maana hapo hujaibiwa. Ndege haiuzi uzito peke yake, inauza na nafasi. Pima boksi urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6000, unapata kilo za ujazo. Halafu wanalinganisha na mzani, iliyo kubwa ndo unalipia. Boksi lako lina vipimo gani?

mtoto_wa_feri

60 kwa 50, kimo 45.

mzee_wa_shedi

Basi piga hesabu, 60 mara 50 mara 45 ni 135,000, gawa kwa 6000 ni 22.5, mara maboksi sita, 135. Umeziona zile 15? Ni hewa. Umesafirisha hewa ya Kigamboni mpaka Uarabuni na umeilipia nauli. Na shukuru ulikwenda kargo, wale wa vifurushi vya mlango kwa mlango wengi wanagawa kwa 5000, ungelipia 162. Boksi la samaki linatakiwa libane, samaki wapangwe kama dagaa kwenye kopo, ukibaki na nafasi ndani unalipa mara mbili, unalipia nauli ya hewa na ile hewa inawapasha joto samaki.

Sasa samaki wenyewe. Watu wakisikia mzigo umeharibika kwenye ndege wanafikiria huko juu. Mzee mwenzangu, kule juu ni masaa matano na kidogo tu kutoka Dar mpaka Muscat kama ni moja kwa moja, na mzigo uliofungwa vizuri masaa matano hauufanyi kitu. Samaki anafia chini. Anafia kwenye foleni ya getini, anafia sakafuni shedi akisubiri kupimwa na kupita kwenye mashine ya eksirei, anafia kwenye lami pembeni ya ndege wakati mabegi ya abiria yanapakiwa kwanza. Lami ya uwanja saa nane mchana mwezi wa pili, mimi nimewahi kuona paleti ya minofu imesimama juani dakika 50 kwa sababu mashine ya kupandishia imegoma, mwenye mzigo yuko nyumbani anakula wali anajua mzigo uko angani.

Wewe umeleta saa nne kwa ndege ya saa kumi. Masaa sita. Uliuliza kama unaingizwa chumba cha baridi? Kwenye AWB yako, ile hati ya mzigo wa ndege, kuliandikwa nini? Maana mizigo ya kuharibika ina alama zake zinazojulikana dunia nzima, PER ni mzigo wa kuharibika, PES ni samaki, COL ni wa ubaridi, FRO ni ulioganda, na unaandika kabisa nyuzi joto unazotaka, ulioganda hasi 18, wa ubaridi 0 mpaka 4. Kama wakala aliandika tu "samaki, maboksi 6" basi kwa yule kijana wa zamu ya usiku hayo ni maboksi kama ya viatu.

Na kuachwa. Kwenye ndege ya abiria mabegi ya abiria ndo mfalme, barua mara nyingi inafuata, kargo ya bei ya chini inakaa mwisho. Ukiona umepewa bei nafuu sana jua umenunua nafasi ya "tukibaki na nafasi". Ukilipia nafasi iliyothibitishwa hawakuachi kirahisi. Ndege za mizigo mitupu hazina hiyo shida ya mabegi, Air Tanzania walileta yao 2023, Boeing 767-300F, inabeba zaidi ya tani 50, lakini usitegemee iende kila unakotaka siku unayotaka wewe. Na hata ukipanga vizuri kuna mambo ya Mungu, 2010 mlima ule wa Iceland ulipolipuka anga ya Ulaya ikafungwa karibu wiki, wenzetu wa Kenya walimwaga mawaridi na mboga jalalani, na wale ndo mabingwa wa hii kazi Afrika Mashariki nzima.

Chupa za maji sasa. Hapo ndo nilicheka, samahani. Barafu ya maji inayeyuka kwenye sifuri. Wewe unataka nguru abaki hasi 18. Sasa kitu cha sifuri kitamlindaje mtu wa hasi 18? Mpaka hiyo chupa inaanza kufanya kazi yake ya kuyeyuka, nguru wako ameshapanda nyuzi 18 nzima na ameanza kulainika. Chupa, na hasa jeli za kugandisha, ni za samaki mbichi wa ubaridi.

mtoto_wa_feri

Mzee shikamoo. Nimekusoma mpaka nimeona aibu. Kwenye AWB kumeandikwa "frozen fish" basi, hakuna alama wala nyuzi. Na barafu kavu?

mzee_wa_shedi

Marahaba. Barafu kavu ni ile hewa ya kaboni iliyogandishwa, ina nyuzi hasi 78 na nusu, haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa na kupotea. Ruhusa ipo ila inahesabika kama mzigo wa hatari, daraja la 9, namba yake UN1845. Boksi linabandikwa alama ya daraja la 9, unaandika UN1845 na kilo za barafu yenyewe, na kwenye AWB inatajwa. Ukificha wakikukamata mzigo unarudi, na ukipita bila kukamatwa umewahatarisha watu, maana ndege ina kikomo cha kilo za barafu kavu inayoruhusiwa kubeba, hasa kukiwa na wanyama hai humo humo tumboni.

Kubwa zaidi usilizibe boksi kabisa. Hewa ikikosa pa kutokea boksi linapasuka. Wewe na selotepu zako ungetengeneza bomu. Na usisafiri nayo kwenye gari vioo vimefungwa, dereva wetu mmoja alipakia ndani ya kabini ya gari kwa sababu nyuma kulikuwa kumejaa, kufika Tazara akasimama anatapika kichwa kinamuuma, bahati alipata akili ya kufungua mlango.

Kiasi, boksi la kawaida linakula kama kilo 2 mpaka 4 na nusu kwa masaa 24 kutegemea unene wa stairofomu. Weka juu ya samaki, si chini, baridi inashuka. Na kumbuka inahesabika kwenye mzani siku ya kupokea, unalipia nauli ya kitu ambacho kikifika hakipo. Kuipata waulize wanaouza gesi za viwandani, Kenya Carbacid wanatengeneza.

fundi_fileti

Niongezee upande wa kiwandani, nimekaa miaka 9 kwenye ubora wa sangara Mwanza.

Ndugu mtoto wa Feri, samaki wako walikuwa wameshaumia kabla hawajaondoka nyumbani kwako. Dipu friza la nyumbani linagandisha polepole, na maji ya ndani ya nyama yakiganda polepole yanatengeneza vipande vikubwa vya barafu vyenye ncha vinavyochana nyama ndani kwa ndani. Nje jiwe, ndani ameshachanika. Akiyeyuka kidogo tu maji yote yanatoka, ndo hayo yaliyovuja, na ndo maana kidole kinazama. Kiwandani kuna friza za upepo mkali, hasi 35 mpaka hasi 40, samaki anafika hasi 18 katikati ya nyama ndani ya masaa machache. Hasi 18 ya ngozi si hasi 18 ya katikati, tunatoboa na kuingiza kipimo. Na kulundika kilo 90 kwenye madipu mawili kwa mpigo, wale wa katikati wamekaa kwenye joto hata siku nzima.

Vichwa vya kamba kuwa vyeusi peke yake si lazima awe ameoza, ni kimeng'enya chake mwenyewe kinafanya kazi kikipata hewa na joto. Viwandani wanazuia kwa dawa ya salfaiti kwa kipimo, na lazima iandikwe kwenye lebo maana kuna watu inawadhuru. Dawa ya mtaani ni kuondoa vichwa mapema na kumuweka kwenye barafu dakika ileile anapotoka majini.

Halafu kuna kitu Feri hamkisemi. Jodari, vibua, hata nguru, hawa jamii moja, wakikaa kwenye joto hata masaa machache nyama yao inatengeneza histamini. Haina harufu. Huiui kwa kupika, huiui kwa kugandisha. Mtu anakula anawaka uso, moyo unakwenda mbio, anasema ana aleji ya samaki kumbe samaki alilala kwenye ngalawa bila barafu. Ulaya kipimo kikizidi miligramu 200 kwa kilo mzigo haupiti. Shemeji yako kuitupa alifanya jambo la maana sana, mpongeze.

Sasa hilo la kutumia jina la kampuni ya jamaa. Cheti cha afya kinasema samaki huyu ametayarishwa kwenye kiwanda hiki kilichokaguliwa na Idara ya Uvuvi. Wako alitayarishwa kwenye veranda yako. Siku mtu akiugua kule, wanaoulizwa si wewe, ni Tanzania. Sisi wa kanda ya ziwa tunajua ladha yake, kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilitufungia sangara mara tatu, mara salmonela, mara kipindupindu, mara watu wanavua kwa sumu. Viwanda vikasimama, wavuvi wakauza kwa bei ya maji. Ndo maana baadaye maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikapewa umuhimu na kila kiwanda kikawa na karatasi zake. Mtafute mwenye kiwanda kilichosajiliwa, mlipe akutayarishie na akugandishie, karatasi zitatoka kwa haki.

kaa_la_matumbwe

Dah sasa hiyo histamini ndo imenipata mwaka juzi kwenye harusi Mbagala, nikaambiwa nimerogwa.

dada_wa_ruwi

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat mwaka wa 14, nafanya kazi na watu wanaoingiza vyakula. Wenzangu mmesema ya huko, na mie niseme ya huku maana mzigo ulitua Alhamisi usiku na hapo ndipo palipomalizika kila kitu.

Huku mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Ukitua Alhamisi usiku, wa kukagua chakula na kukupigia muhuri unaweza ukampata Jumapili. Ndio hivyo shemeji yako kaupata Jumapili, hakuwa mzembe masikini. Mzigo wa samaki utue Jumapili alfajiri, Jumatatu au Jumanne. Na siku ya sikukuu yoyote au Ramadhani uliza kwanza masaa ya kazi.

La pili, jina la mpokeaji. Awe mwenye leseni ya biashara ambayo imeandikwa chakula, na awasilishe karatasi kabla ndege haijatua, si baada. Mtumie nakala za cheti cha afya, cheti cha asili, ankara na AWB ndege ikiwa bado iko Dar, herufi kwa herufi ziwiane. Nimeona mzigo umekaa siku mbili kwa sababu cheti kinasema maboksi 20 na ankara inasema 19. Lebo iwe na Kiarabu, jina la samaki, nchi, tarehe ya kutayarishwa na ya kumalizika, uzito.

La tatu hili mwanangu lizingatie sana. Nguru huku anafungiwa. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba hakuna kumvua nguru Oman wala kumuuza, wanamwacha azae. Ukitaka kuleta wa nje kipindi hicho mpokeaji aulize ruhusa kwanza kwa wanaohusika na uvuvi, na karatasi zioneshe wazi katoka Tanzania, la sivyo utamtia mwenzio matatani na faini juu. Lakini ukiruhusiwa ndio wakati wa bei.

baharia_mstaafu

Mimi naona wote mnazunguka. Kwa nini kitu kilichoganda kiende kwa ndege? Samaki aliyeganda hana haraka, anakaa miezi. Anakwenda kwa meli kwenye kontena la friza, linachomekwa umeme melini, nauli kwa kilo haifanani hata kidogo na ndege. Pweza wetu waliogandishwa wanaokwenda Ureno na Hispania wanakwenda hivyo hivyo, kwa meli. Ndege ni ya mtu hai na mtu mbichi. Kaa wa matope wa Rufiji wanaokwenda China wanapanda ndege kwa sababu lazima wafike wanatembea, wanafungwa mikono kwa kamba, magunia yenye unyevu, bila barafu hata chembe, baridi ikizidi wanakufa. Huyo ndo abiria wa ndege.

mtoto_wa_feri

Baharia nimekuelewa ila kontena la futi 20 mimi nalijaza na nini? Mtaji wangu ni kilo 90 na nimeshazitupa.

fundi_fileti

Baharia kasema ukweli na hata sangara ndivyo, minofu ya ubaridi ndo inapanda ndege, iliyoganda inapanda meli. Kwa hiyo mtoto wa Feri acha kugandisha. Ukishalipia ndege peleka samaki mbichi wa kwenye barafu, bei yake kule ni nyingine kabisa maana mteja anamuona macho maangavu. Na huku kwetu tuna bahati moja, samaki wa maji ya joto akiwekwa kwenye barafu mapema anadumu siku nyingi kuliko wa nchi za baridi, wadudu waliomzoea wameumbwa kwa joto, wakikutana na sifuri wanaduwaa. Cha muhimu barafu ianzie kwenye chombo baharini, si sokoni. Mlaze usiku kucha kwenye maji ya bahari yaliyochanganywa na barafu ya kusagwa mpaka katikati ya nyama ni sifuri, asubuhi mchuje maji, mfunge na nailoni nzito, jeli juu na chini.

mzee_wa_shedi

Nakubali, ila hapo kwenye kuchuja maji nasisitiza. Ndege nyingi hazitaki barafu ya maji kabisa kwenye boksi la samaki. Maji ya samaki yana chumvi, yakivuja yanaingia chini ya sakafu ya tumbo la ndege na chumvi inakula ile alumini na nyaya. Boksi linalovuja linashushwa hapo hapo. Ndani uwe na mfuko mmoja mzima usio na mshono chini na karatasi ya kunyonya. Na blanketi la foili juu ya paleti, ni hela kidogo, linaokoa ile nusu saa ya juani.

Na nunua data loga, kile kimashine kidogo cha kurekodi joto, kitupie katikati ya boksi moja. Bila hicho utabishana na watu miaka.

mwali_wa_hamburg

Samahani naingilia, mimi sina biashara, niko Ujerumani nataka nikirudi nibebe pweza na nguru kwenye begi langu, inaruhusiwa?

fundi_fileti

Dada, Umoja wa Ulaya wanaruhusu samaki na mazao ya bahari mpaka kilo 20 kwa mtu kwa matumizi yako, samaki mbichi awe ametolewa matumbo. Nyama na maziwa usithubutu, hata kipande cha mshikaki. Barafu kavu kwenye begi ni kilo 2 na nusu kwa abiria na shirika la ndege likubali kwanza. Pweza chagua wa zaidi ya nusu kilo, chini ya gramu 500 hata huku kumvua ni kosa.

wakili_wa_pwani

Kuhusu kudai. Safari za kimataifa za mizigo zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania na Oman wote wamo. Mzigo ukiharibika mpokeaji anaandika malalamiko ndani ya siku 14 tangu aupokee. KUANDIKA, si kupiga simu. Siku 14 zikipita umekwisha. Kama tatizo ni kuchelewa ni siku 21. Kesi yenyewe mwisho miaka miwili. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo, hiyo ni fedha ya mahesabu ya IMF, inazidi dola 30, ila hicho ni kikomo tu, unathibitisha hasara kwa ankara.

Sasa nikuambie na ubaya. Mkataba huohuo unasema msafirishaji hahusiki kama uharibifu umetokana na hali ya mzigo wenyewe au ufungaji mbovu uliofanywa na mwenye mzigo. Watakushika kwenye chupa zako. Wewe washike kwenye ucheleweshaji, ulipewa ndege ya Jumanne ukasafiri Jumatano. Jumapili shemeji alipopokea alisaini karatasi yoyote inayosema mzigo uko sawa?

mtoto_wa_feri

Alisaini lakini aliandika kwa mkono "maboksi 2 yanavuja" na ana picha. Leo ni siku ya tisa. Namwamsha sasa hivi aandike.

mtoto_wa_feri

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano.

Nimepata kiwanda kidogo kilichosajiliwa wakakubali kunitayarishia kwa malipo, nimeacha mambo ya veranda. Nimepeleka kilo 40 tu za nguru na changu, mbichi wa ubaridi, maboksi manne ya 50 kwa 40 kwa 30, kila boksi kilo 12 na jeli zake. Ujazo ulikuja 40, mzani 48, safari hii mzani ndo umeshinda kwa hiyo sijalipia hewa. Ndege ya usiku ya moja kwa moja, mzigo nimeufikisha masaa manne kabla, nikasimama pale mpaka nikaona unaingia chumba cha baridi, yule kijana wa zamu alinichoka. AWB imeandikwa PES na COL na nyuzi 0 mpaka 4. Umetua Jumatatu alfajiri, shemeji kauchukua saa saba mchana.

Data loga imesoma chini ya 3 karibu safari nzima. Mara moja tu imepanda mpaka 5.1, na mzee wa shedi utacheka, haikuwa angani, ilikuwa dakika 70 kati ya kutua na kuingizwa ndani kule Muscat. Nimesahau blanketi la foili.

Yale madai, wamejibu eti ufungaji haukufaa. Kwa zile chupa sina cha kubisha, ila la kuniacha Jumanne nimewaandikia tena kama wakili alivyosema, nasubiri. Shemeji anataka kilo 80 wiki ijayo ila anasema safari hii niache vichwa vya changu vikiwa vizima, kuna mama mmoja wa Kipemba kamgombeza.

dada_wa_ruwi

Huyo mama anaweza kuwa mie. Mgahawa uko mtaa gani?